WizTree, WinDirStat au TreeSize: programu ipi inaonyesha haraka kilichojaza diski C?

MpigaPicha_Ngamiani: Wakuu, nahariri video za harusi hapa Tanga, Windows 10. C ya GB 237 imebaki na GB 4, mstari umekuwa mwekundu. Video zote nilishahamishia diski ya nje, na folda ninazoziona hata GB 150 hazifiki. Nishushe ipi kati ya hizo tatu? Bando langu la kuungaunga.

fundi_chumbageni: WizTree, bila kufikiri. Haizunguki folda moja moja. Inasoma MFT, lile daftari la NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) lenye orodha ya mafaili yote. Sekunde chache umemaliza. Ila ifungue kama admini, la sivyo inakwenda kwa njia ya polepole.

dada_raskazone: Kasi hiyo ni kwenye NTFS tu, fundi. Flashi yenye mpangilio mwingine, exFAT, inajikokota kama wenzake. Tena bure yake ni kwa matumizi binafsi. Ofisini inalipiwa, ndiyo maana sisi tuko na WinDirStat. Ya zamani ilikuwa unaiacha unakwenda kunywa chai, lakini toleo la 2 la mwaka 2024 limechangamka kweli.

mzee_pangani: TreeSize Free inatosha kwa asiyetaka marangirangi.

MpigaPicha_Ngamiani: Nimeendesha WizTree. Jamani! AppData\Roaming\Adobe\Common\Media Cache Files, GB 61! Kumbe AppData imefichwa, ningeionea wapi. Pia hiberfil.sys GB 6 na WinSxS GB 11. Nifyeke zote?

fundi_chumbageni: Tulia kaka. Hiyo Media Cache ni kashe, mafaili ya muda ya kuhariri video. Ifute, Premiere (programu ya Adobe ya kuhariri) ikiwa imefungwa; itajitengeneza upya ukifungua kazi, mara ya kwanza itachelewa kidogo. Hiberfil usiifute kwa mkono: fungua CMD (dirisha la amri) kama admini, andika powercfg /h off. Ujue tu kompyuta haitahaibaneti tena (kuzimika huku ikihifadhi kazi zilizo wazi), na kuwaka kwake kutachelewa kidogo. WinSxS usiiguse kabisa. Mafaili mengi ya humo ni yaleyale ya Windows yanayoonekana mahali pawili, kwa hiyo hesabu yake inadanganya. Tumia Disk Cleanup ya Windows yenyewe.

MpigaPicha_Ngamiani: Kashe nimefuta, C ina GB 65. Sasa nielekeze kashe mpya kwenye diski ya nje?

dada_raskazone: Ikiwa ni SSD ya USB 3, sawa. Ikiwa ni HDD, ile yenye sahani za kuzunguka, iache C uwe unaifuta kila ukikabidhi harusi.