Milioni 9, Kibaha hadi Posta kila siku: IST, Premio 1.8 au Passo?

MailiMoja

Wakuu salaam. Naomba ushauri wa gari la kwendea kazini. Natoka Kibaha Maili Moja hadi Posta, Jumatatu hadi Ijumaa, kama kilomita 80 kwenda na kurudi. Huku kwetu barabara inatembea, ukishafika Kimara ni foleni. Bajeti ni milioni 9 ya gari lenyewe, na milioni 1.5 iko pembeni kwa matengenezo ya mwanzo. Nanunua mkononi, maana kuagiza gari la umri huo ushuru wa uchakavu utanimaliza.

Nimeona matatu, yote Toyota: IST ya 2004 namba D (herufi ya usajili), Premio ya 2003 cc 1800 namba C, na Passo ya 2006 cc 1000 namba D. Moyo uko kwenye Premio. Ni pana, imetulia, na bei iko chini kuliko IST. Kuna kitu sikioni?

StikiYaOili

Mkuu, hiyo bei ya chini ina sababu. Premio za umbo hilo zina injini tatu: 1NZ-FE ya cc 1500, 1ZZ-FE ya cc 1800 na 1AZ-FSE ya cc 2000, hii ya mwisho ndiyo mtaani tunaiita D4. Zile 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, vikiziba kwa masizi ringi ya oili inakwama, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua pamoja na petroli. Kwa kilomita zako stiki ya kupimia oili itakauka kabla sevisi haijafika, na injini ikizunguka bila oili ya kutosha kinachofuata ni kugonga kwa beringi za kranki.

Ukitaka kuijaribu: injini ikishapata moto, iache kwenye sailensi dakika 5 bila kugusa pedali ya mafuta, kisha kanyaga ghafla huku mwenzio akitazama ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka wingu zima, aga uondoke.

D4 nayo iache. Inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, pampu yake ya presha kubwa na nozeli havivumilii mafuta machafu.

Lakini Premio ya 1NZ ukiipata, kwa safari hii mimi naiweka juu ya IST. Usimuulize muuzaji, soma bati la chesisi chini ya boneti: NZT240 ni 1NZ, ZZT240 ni 1ZZ, AZT240 ni D4. Kwa IST, NCP60 ni cc 1300 na NCP61 ni cc 1500. Kwenye bati hilohilo angalia msimbo wa gia boksi. Kwa Toyota, ukianza na K ni CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua. Ukianza na U, mfano U340E, ni gia 4 za kawaida, na kwa bajeti hii hiyo ndiyo unayoitaka. CVT iliyotumika miaka mingi, ambayo labda fundi aliwahi kuijaza haidroliki ya kawaida, hutaijua mpaka mkanda uanze kuteleza.

SpeaGerezani

Naongezea hesabu, maana watu wanachagua gari kwa kusikia tu kwamba halili mafuta. Siku 22 za kazi ni km 1,760 kwa mwezi. Gari la 1NZ lenye afya, njia ya mchanganyiko kama yako, panga km 12 kwa lita: lita 147. Gari linalotoa km 8 kwa lita litakula lita 220. Hizo lita 73 za ziada zizidishe kwa bei ya mafuta ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati) ya mwezi husika.

Passo siikatai. Kwenye foleni inabana mafuta kweli. Ila ni silinda 3, cc 1000, na ukiwa na abiria watatu, AC imewashwa na unataka kupita lori, injini inalia na ile faida inapungua. Hata ukiipigia km 14 kwa lita ni lita 126, umeokoa 21 tu. IST mbovu mbele ya Passo nzima, chukua Passo. Zikiwa sawa kiafya, chukua IST.

Kingine, 1NZ iko kwenye IST, Raum, Spacio ya 1500, RunX, Probox na nyingine nyingi. Koili, pampu ya maji, maunti za injini, vyote kwenye maduka ya spea ya Gerezani unachagua mpya au mtumba siku hiyohiyo.

KagueKwanza

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Shika boneti kwa mkono, iwe baridi. Injini ya moto inaficha nusu ya maradhi.

Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta (ikiwa ya moto usithubutu). Unatakiwa kuona kulanti yenye rangi, siyo maji ya kutu wala utando wa oili. Fungua na kifuniko cha oili: ukikuta ute kama maziwa, maji na oili vimekutana, gasketi ya silinda hedi inashukiwa. Sasa geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha. Taa ya injini na ya airbag lazima ziwake, kisha zizime gari likishawaka. Taa isiyowaka kabisa imeng'olewa au imezibwa, na hiyo ni mbaya kuliko taa inayowaka. Sikiliza sekunde za kwanza: 1NZ inatumia cheni ya taimingi, mkwaruzo unaoendelea upande wa cheni maana yake imelegea.

Gia boksi: kanyaga breki, toa N weka D, halafu R. Ikichelewa kushika au ikishtua kwa kishindo, acha. Barabarani, ukifika 80 bonyeza kitufe cha O/D (overdrive, kinachofunga na kufungua gia ya 4). Mshale wa rpm lazima upande, ukibonyeza tena ushuke. Usipobadilika, gia ya 4 haiingii, na kwa barabara yako utalia na mafuta kila siku.

Kilomita za dashibodi zisikusumbue sana, zinarudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma na dashibodi inasoma 85,000 haviendani. Tairi soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, namba iliyoandikwa ubavuni: 2219 ni wiki ya 22 ya 2019. Na kama gari limenyanyuliwa kwa spesa (vipande vya kuinua springi), geuza stelingi hadi mwisho, tembea polepole ukizunguka; ikilia tak-tak-tak, joint za ekseli zimekwisha.

Faini za trafiki na jina lililo kwenye kadi, hakiki kabla ya kulipa hata shilingi.

MailiMoja

Shukrani sana wakuu. Premio nimeiacha, bati linasoma ZZT240. IST ni NCP61, U340E. Imewaka baridi vizuri, gia zinaingia, O/D inafanya kazi. Tatizo: muuzaji anasema fundi alitoa thamostati (vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate moto) "ili isichemshe" na feni imeungwa moja kwa moja, inazunguka muda wote. Niiache?

StikiYaOili

Usiiache bado, ila usilipe. Mtu hatoi thamostati kwenye gari ambalo halijawahi kuchemsha. Bila thamostati, ukiwa unatembea 80 maji yanapoa kupita kiasi, kompyuta inadhani injini bado ya baridi na inaongeza petroli. Halafu ukikaa foleni ya Kimara, ubovu uliofichwa, rejeta iliyoziba au gasketi, unarudi palepale.

Kubaliana naye hivi: weka thamostati mpya ya nyuzi 82, rudisha waya za feni kama kiwandani, jaza kulanti. Kisha liache gari juani AC ikiwa imezimwa, mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikiwa imechomekwa. Joto lipande, feni iwake karibu na nyuzi 95, lishuke, feni izime. Ione ikirudia mara tatu. Baada ya hapo washa AC dakika 30. Siku ya pili, injini ikiwa baridi, angalia kama kulanti imepungua.

Akikataa jaribio, umeshapata jibu. Likifaulu, mwaga oili ya injini uweke 5W-30. Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadili na filta, kwa hiyo simama hapo fundi asimimine kidumu chote cha lita 4. Kwa mwendo wako kilomita 5,000 ni chini ya miezi mitatu, andika tarehe kwenye stika ya mlango.