Shavu limebonyea baada ya ajali ya bodaboda: je, upasuaji ni lazima?

Dada Mkubwa, Morogoro
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Siku 9 zilizopita mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 26, alianguka kutoka kwenye bodaboda akagonga shavu la kushoto kwenye ukingo wa barabara. Uso ulivimba hata jicho likafumba, tukapewa dawa za maumivu na kuambiwa tusubiri. Sasa uvimbe umeshuka, na shavu linaonekana limebonyea, mdomo wa juu una ganzi upande huo, na akitazama juu huona vitu viwili viwili. Jana alinyoosha mkono kuchukua kikombe kwenye rafu akashika hewa. Kipimo cha CT scan kimeonyesha kwamba mfupa wa shavu na sakafu ya tundu la jicho vimevunjika, na daktari ameshauri upasuaji. Baba anauliza kwa nini kijana akatwe uso ilhali mfupa huunga wenyewe.

Daktari wa Taya na Uso
Pole sana, dada. Mzee hajakosea: mfupa utaunga. Tatizo ni kwamba utaunga pale pale ulipohamia. Sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba mno, na chini yake kuna uwazi wenye hewa ndani ya taya la juu. Inapovunjika, mafuta yanayozunguka jicho, na wakati mwingine msuli unaoliteremsha, hunasa kwenye ufa, na jicho hushindwa kupanda sawasawa na mwenzake. Ganzi ya mdomo hutokana na neva inayopita kwenye sakafu hiyo hiyo.

Si kila mvunjiko hupasuliwa. Mfupa ambao haukusogea, kwa mtu anayeona vizuri na kufungua kinywa bila shida, huachwa. Kwa dalili ulizozitaja, wengi wetu hupendelea kufanya kazi hiyo ndani ya wiki 2 hivi, uvimbe ukiwa umepungua na mfupa haujaanza kushikana vibaya, kwa hiyo siku mlizongoja hazijapotea. (Mtoto ni habari nyingine: msuli ukinaswa, akawa anatapika na mapigo ya moyo yakashuka, hiyo ni dharura hata kama jicho halina wekundu wowote.) Daktari wa macho amwone kwanza, kwa sababu jeraha la jicho lenyewe hutibiwa kabla ya mfupa.

Kuhusu kukatwa uso, mgonjwa hupewa nusu kaputi, na mara nyingi tunapita ndani ya kinywa juu ya ufizi, pembeni ya nyusi, na ndani ya kope la chini, mahali ambapo kovu halionekani kirahisi. Mfupa hurudishwa na kushikwa kwa vibamba vya titani na skrubu ndogo, na sakafu huwekewa wavu mwembamba, ambao kwa kawaida hautolewi tena.

Fundi Seremala
Mimi nilifanyiwa miaka 3 iliyopita. Usiku ule wauguzi waliniamsha mara kwa mara, wakimulika tochi na kuniuliza naona vidole vingapi, nami nikakasirika hadi nilipoelezwa kwamba damu ikivuja nyuma ya jicho inaweza kuua uoni ndani ya saa chache. Nilikatazwa kupenga kamasi kwa wiki kadhaa, na chafya niliitoa mdomo ukiwa wazi. Kuona viwili kuliisha baada ya wiki 6 hivi; ganzi ilikaa miezi 7, kisha ikaja hali ya kutembewa na sisimizi, ndipo nikajua mdomo unarudi.

Dada Mkubwa, Morogoro
Ahsanteni sana. Nimemsomea baba, naye amekubali, ila anauliza kama chuma hicho kitamsumbua kijana akirudi kazini Njombe kwenye baridi.

Daktari wa Taya na Uso
Mpe mzee shikamoo yangu. Baadhi ya wagonjwa huhisi ubaridi au uchungu kidogo pale kilipo kibamba. Ikizidi, kinaweza kuondolewa baada ya mfupa kuunga.