Wauzaji wa "seti ya Keya" Kariakoo, mnatuharibia askari

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Kuna seti zinauzwa Kariakoo na kupelekwa kwa bodaboda mji mzima: askari wa plastiki wa uwiano wa 1/35 na vichupa vitatu vya rangi visivyo na lebo, eti "Keya wa Burma", yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Mnunuzi anaambiwa apake tu.

Hiyo ni rangi ya gari iliyozimuliwa kwa thina ya gari. Sanamu ni plastiki ya polistaireni, na thina hiyo inaiyeyusha. Askari wa mita 1.75 kwa uwiano huu ana milimita 50 tu, kwa hiyo hakuna cha kupoteza: brashi ikipita mara mbili pua inalainika, vifungo vinafutika, mkanda unagandana na shati. Muuzaji anajua, maana harufu peke yake inatosha. Kabla hujapaka, weka tone kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande, subiri dakika tano, bonyeza kwa ukucha. Ukiacha alama, tupa kichupa. Nunua rangi ya akriliki ya maji, na utangulize praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha.

Kinachoudhi zaidi ni kichupa cha "ngozi". Ni waridi ya Mzungu! Ukilalamika unaambiwa uongeze nyeusi, na hapo unapata sura ya kijivu kama maiti. Huyo ni Keya, babu zetu walikuwamo. Anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo. Chini ya taya na kwenye matundu ya macho ongeza tone la buluu nzito. Paji la uso, mfupa wa pua na mashavu vipe kahawia yenye manjano au chungwa, tabaka jembamba jembamba. Nyeupe usiitumie kung'arisha ngozi hata kidogo. Viganja viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono, na weupe wa jicho uwe krimu.

Halafu sare ya kaki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944 ilivaa kijani cha msituni na kofia pana. Mnachouza ni Waingereza wa jangwani, kaptula na helmeti ya bakuli, mmebandika jina tu. Kumgeuza inawezekana, ila ni kazi: kata helmeti usawa wa nyusi, si shingoni. Changanya sehemu mbili za puti ya epoksi kwa kiasi sawa, isukume juu ya poda ya mtoto hadi unene wa nusu milimita, kata duara la ukingo wa kofia. Suruali ijengwe kuanzia goti kushuka. Iache puti kama nusu saa ipungue kunata ndipo uchore mikunjo kwa sindano iliyolowa maji. Ukiharakisha inafuata sindano, ukichelewa inapasuka.

Varnishi nayo, msipulizie siku ya mvua za masika; unyevu unaiacha na ukungu mweupe.

Wauzaji mnaosoma hapa: andikeni kwenye kichupa kilichomo, na kwenye boksi andikeni ni askari wa wapi. Mliouziwa, wekeni picha ya kichupa na bei mliyolipa, tuzipeleke dukani pamoja tukadai pesa.