Jagdish Raj kavalishwa sare ya inspekta filamu 144, na nyie mnacheka

Wakuu, nisameheni mapema, leo nimekuja na hasira.

Ile picha imerudi tena kwenye magrupu. Mzee kavaa kaki, kofia kichwani, kifimbo kwapani, na maandishi juu yake: "Je, wajua? Huyu ndiye aliyeigiza polisi kwenye filamu 144, yumo Guinness, kile kitabu cha rekodi za dunia." Chini yake vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mmoja kaandika "na zote 144 alichelewa", akamiminiwa kopa kama kagundua dawa.

Mimi sicheki. Hiyo rekodi mnayoisambaza kama kichekesho mimi naisoma kama hati ya mashtaka, na nashangaa miaka yote hii hakuna aliyeuliza mshtakiwa ni nani.

Huyo mzee ana jina. Jagdish Raj Khurana, kazaliwa 1928 Sargodha, mji ambao leo uko Pakistan, kafia Mumbai tarehe 28 Julai 2013. Kaigiza tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Guinness walimtambua kuwa ndiye mwigizaji aliyefungiwa kwenye nafasi moja kuliko mwingine yeyote. Haya, nyie mabingwa wa mapicha ya Kihindi, mnaojua mpaka rangi ya shati alilovaa stelingi siku anapigwa risasi: nitajieni jina la inspekta mmoja tu kati ya hao 144. Mmoja! Hamlijui, na si kosa lenu, maana mara nyingi jina hilo halikuandikwa. Kwenye orodha ya waigizaji anatajwa "Police Inspector", basi, imetoka hiyo.

Halafu kuna kitu kinanichoma zaidi. Amitabh Bachchan kaitwa Vijay kwenye filamu zaidi ya ishirini. Zanjeer 1973, Vijay. Deewaar 1975, Vijay. Trishul, Don, Kaala Patthar, Shakti, Shahenshah, Agneepath, kote huko Vijay, kijana mwenye hasira, ana deni na baba au na mtaa, anaongea kwa sauti nzito na kupiga watu kumi. Nampenda Amitabh, msinielewe vibaya, nimekua naye. Lakini mbona yeye kurudia kunaitwa haiba, na kwa Jagdish Raj kurudia ndiyo kichekesho? Nani kahesabu mara ngapi stelingi kampenda binti wa tajiri? Nani kampelekea Guinness hesabu ya mama mjane aliyefumwa anashona cherehani usiku? Kurudia ndiyo biashara yenyewe ya Bombay, yaani Mumbai ya leo, mji wa filamu hizi. Ila bili ya kurudia wanapelekewa wadogo.

Na msiniambie tatizo ni sare ya polisi kwamba haina hadithi. Uongo huo. Zanjeer ni hadithi ya inspekta. Sare kavaa Amitabh. Deewaar nusu yake ni hadithi ya polisi anayemfukuza kaka yake wa damu. Sare kavaa Shashi Kapoor. Shakti ya 1982, baba polisi na mwanawe mhalifu, sare kavaa Dilip Kumar mwenyewe, mfalme wa majonzi. Amar Akbar Anthony, Vinod Khanna. Mwaka 1983 kwenye Ardh Satya, Om Puri akaigiza sabu-inspekta anayeoza roho polepole ndani ya mfumo uliooza, akabeba tuzo ya taifa ya mwigizaji bora. Thakur, yule mzee wa filamu ya Sholay, naye si alikuwa polisi kabla ya kukatwa mikono? Kila hadithi ilipoamua kwamba afisa huyu sasa apewe mama, apewe deni, apewe usiku wa kukosa usingizi, sare ilivuliwa haraka ikapelekwa kwa mtu mwingine. Jagdish Raj akabakiziwa filimbi na pingu.

Angalieni tena ile sehemu ya mwisho, mkiiangalia kwa ajili yake safari hii. Ghala, mapipa, mama kafungwa kamba, stelingi damu inamtoka mdomoni, adui kashalala chini. King'ora. Jipu linafunga breki, vumbi. Inspekta anaruka na bastola mkononi, askari wawili nyuma yake wakihema. Anasimama. Anatazama maiti au anamtazama adui. Anasema sentensi moja, aghalabu amri ya kukamata au ile nasaha kwamba raia asichukue sheria mkononi. Kisha kamera inamgeukia stelingi anakumbatiwa na mama, na yule afisa anaondoka pembeni ya picha akiwa hata hajamaliza kuirudisha bastola kwenye ala. Sasa jaribuni nyie kuigiza hicho kipande mkaaminika. Huna historia, huna uhusiano na yeyote pale, umeshuka garini dakika mbili kabla ya watu kuanza kutafuta viatu vyao chini ya viti, na bado unatakiwa uonekane una dola nzima mgongoni. Ukilegea kidogo, mwisho wote unakuwa mchezo wa shule. Yule mzee hakulegea. Mabega yako sawa, macho makavu, sauti haipandi. Hiyo ni kazi, jamani.

Na kwa nini polisi walihitajika hivyo kila mwisho? Hapa wengi hamtaki kuangalia. India ina sheria ya sinema ya 1952 na bodi ya kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa. Sholay ndiyo mfano wa wazi. Mwongozaji Ramesh Sippy alishapiga mwisho ambao Thakur anamuua jambazi Gabbar Singh kwa miguu yake, viatu vina misumari. Ilikuwa 1975, nchi iko kwenye hali ya hatari iliyotangazwa chini ya waziri mkuu Indira Gandhi, wakaguzi wakakataa: haiwezekani mtu, tena polisi mstaafu, ajihukumie mwenyewe. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi wafike, wamzuie Thakur, wamchukue Gabbar. Kwa hiyo mnapocheka "polisi wa picha la Kihindi wanafika mwisho", mnamcheka mwigizaji kwa jambo lililoamuliwa ofisini. Inspekta alikuwa muhuri wa serikali: bila yeye karatasi haipiti, na hakuna anayeusoma.

Ukishakuwa muhuri, umekwisha. Filamu za Bombay enzi zile zilipigwa vipande vipande, pesa ikipatikana kazi inaendelea, ikikata inasimama, mwigizaji mmoja ana shifti mbili za filamu mbili tofauti siku moja. Produsa hana muda wa kujaribu sura mpya kwa dakika nne za mwisho. Anataka mtu ambaye akishuka tu kwenye jipu, watu wa mstari wa mbele wanaojilia karanga wajue huyu ni sheria, bila maelezo. Jagdish Raj alikuwa hivyo. Akiigiza vizuri anaitwa tena palepale. Akiigiza vizuri zaidi mlango mwingine unazidi kufungwa. Huo mtego hakuutega yeye.

Wala hakuwa peke yake ndani yake. Mwigizaji Nirupa Roy kafanywa mama wa watu kwenye filamu tangu bado kijana. Kwenye Munimji ya 1955 kawa mama wa Dev Anand. Dev Anand kazaliwa 1923, mama mwenyewe kazaliwa 1931! Wakampa na tuzo ya Filmfare kwa hilo, na baada ya hapo ikawa kulia, kupofuka na kupotezana na watoto mpaka mwisho.

Wapo waliochomoka, ndiyo maana nasema haikuwa lazima. Mwigizaji Iftekhar naye alikuwa polisi wa kudumu, ndiye yule DSP, ofisa wa juu wa polisi, kwenye Don. Lakini kwenye Deewaar wakampa Davar, bosi wa magendo mwenye upole wa baba, na hakuna aliyeona tatizo lolote, kambeba Davar mpaka leo tunamkumbuka. Na mwigizaji Pran? Miaka na miaka ni adui, mpaka wazazi wa India wakawa hawawapi watoto wao jina hilo. Mwaka 1967 mwongozaji Manoj Kumar akamchukua kwenye filamu yake Upkar, akamfanya Malang Chacha, mlemavu mwenye moyo, akampa na wimbo. Mtu mmoja tu alithubutu, filamu moja tu, na milango yote ikafunguka: Sher Khan wa Zanjeer, aliyeigizwa na Pran huyo huyo, asingekuwepo bila Malang Chacha. Mwaka 2013 Pran akakabidhiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke, kubwa kuliko zote kule, akafariki Julai 12. Jagdish Raj akafariki siku kumi na sita baadaye. Linganisheni wenyewe kilichoandikwa kuhusu kila mmoja. Huyu wa pili kaagwa na namba.

Manoj Kumar wake hakutokea. Miaka yote hiyo, maprodusa wote wale, hakukuwa na mmoja wa kusema hebu mpeni huyu mzee nyumba, mpeni mke aliyemchoka, mpeni inspekta anayekula rushwa walau mara moja.

Na sisi huku pwani tusijitoe. Hizi filamu zilijaza Empire na Avalon pale Dar, Majestic na Cine Afrique Unguja, na magari yalipanga foleni kuingia Drive-In ya Msasani, pale ulipo leo ubalozi wa Marekani. Baadaye zikaja kanda za deki na vibanda umiza. Tulimlipia yule inspekta kiingilio kwa miongo. Tulichomrudishia ni utani: mtu akichelewa msibani anaambiwa kafika kama polisi wa picha la Kihindi. Sawa, utani ni utani, mimi pia nimeutumia. Lakini bongo muvi wameuchukua mfumo uleule mzima mzima, mzee fulani ni baba tajiri mpaka kaburini, bibi fulani ni mchawi tu, anaroga filamu hii, anaroga ile, akipita sokoni watoto wanakimbia. Hapo napo mtakuja kucheka akishakufa?

Najua wanaokuja. Kuna atakayesema "alilipwa, na wengi hawakupata hata hizo 144". Kweli alilipwa, na binti yake Anita Raj akaja kuwa stelingi wa kike, Prem Geet ya 1981, jina kwenye bango. Hilo halifuti swali langu. Kulipwa analipwa na fundi, lakini fundi hatungiwi rekodi ya kuchekwa.

Mwingine atasema labda hakuwa na uwezo wa zaidi. Mkuu, umejuaje? Hakuna filamu uliyomwona anapewa nafasi hiyo akashindwa. Ukiipata, ilete hapa, nitaiangalia yote usiku huu huu, nyimbo na vipande vya vichekesho bila kurusha hata kimoja. Mpaka hapo, ile picha yenye vikatuni msinitumie tena.