Apu ya video ya simu tu: naionaje kwenye kompyuta bila kujiletea balaa?

KolaNaPindo

Habari zenu wakuu, naomba ushauri.

Najifunza ushonaji kwa apu moja ya masomo ya video. Mwalimu ni mzuri, hana maneno mengi, kazi yake yote iko vidoleni: anakunja kola, anapunguza kitambaa pembeni karibu kabisa na mshono, anageuza. Kwenye skrini ya simu sioni mkasi umeacha nafasi kiasi gani kabla ya uzi. Narudisha nyuma, nakuza kwa vidole viwili, inakuwa ukungu mtupu. Laptopu ninayo, na skrini yake ingenitosha kabisa.

Shida ni kwamba apu hii ni ya simu peke yake. Wenyewe wanasema wazi: Android na iPhone, basi. Lakini nikitafuta mtandaoni naletewa kurasa chungu nzima zenye kitufe kikubwa cha kijani, "Pakua kwa PC, Windows 7, 10, 11". Nilibonyeza kimoja, likashuka faili la megabaiti 3 na antivairasi ikapiga kelele hapo hapo. Sijalifungua.

Laptopu hiyo ndiyo ina hesabu za wateja wangu na barua pepe zote, sitaki mchezo nayo. Simu ni Android 12, kompyuta ni Windows 11. Nifanyeje?

Chapuchapu

Weka BlueStacks, programu ya kuendesha apu za Android kwenye kompyuta, ingia na Gmail yako, shusha apu, mchezo umeisha. Watu mnapenda kujitisha.

MzeeWaKebo

Mkuu Chapuchapu, hujasema uongo, ila swali umeliruka. Kauliza usalama, wewe umemjibu haraka.

Ndugu KolaNaPindo, faili hilo lifute, na pipa la taka ulimwage pia. Wenye apu wanasema hawana toleo la kompyuta. Sasa huyu anayekugawia "toleo la PC" amelitoa wapi? Ama amechukua emuleta, yaani programu inayojifanya simu ya Android ndani ya Windows, akaipachika apu juu yake, ama ni kitu kingine kabisa kilichovaa jina la apu yako. Udogo wa faili peke yake si ushahidi, maana hata emuleta halali huanza na kipakuzi kidogo kinacholeta mzigo baadaye. Kinachotisha ni kwamba hujui kipakuzi hicho kinakwenda kuchukua mzigo kwa nani.

Mimi natengeneza kompyuta za watu. Zile zinazokuja na malalamiko ya "imekuwa nzito ghafla" nazifungua kwenye orodha ya programu na kuipanga kwa tarehe ya kusakinishwa. Mara nyingi jibu liko hapo hapo: siku moja zimeingia programu nne tano kwa mpigo, kisafisha diski ambacho hakuna aliyekiomba, brauza ngeni, kitu kilichobadili ukurasa wa kutafutia, na katikati yake ile apu ya video mwenyewe aliyokuwa akiitaka. Ukiibonyeza haifunguki.

Sasa kabla ya kusakinisha chochote jiulize: unahitaji Android ndani ya kompyuta, au unahitaji picha iwe kubwa? Wewe unahitaji picha. Simu unayo, apu imo, akaunti imo. Iache apu palepale ilipo, uhamishe picha tu.

Mimi natumia scrcpy. Jina halitamkiki, lakini ni programu huria, ya bure, haina matangazo, na haiweki apu yoyote kwenye simu yako. Wanaoitunza ni Genymobile na makazi yake ni GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao, kwenye ukurasa wa Genymobile. Chukua huko tu, maana kuna tovuti nyingine zenye jina hilo ambazo si zao. Ni faili la zip; ulitoe kwenye folda yake, haisakinishwi kwenye Windows, na ukichoka unaifuta folda.

Upande wa simu: nenda Mipangilio, Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara saba mpaka ikwambie umekuwa msanidi programu. Kisha kwenye chaguo za wasanidi washa utatuzi wa USB. Chomeka kebo, na iwe kebo inayopitisha data. Kuna nyingine zinachaji tu, hizo zitakupotezea jioni nzima. Simu itauliza kama unaruhusu utatuzi wa USB kwa kompyuta hii. Kuna kisanduku cha "ruhusu kila wakati". Mimi sikiweki tiki hata kwenye mashine yangu. Kubali mara hiyo moja, kisha bonyeza scrcpy mara mbili, na skrini ya simu itafunguka kwenye dirisha.

Kwa Android 11 kwenda juu sauti nayo inahamia kwenye kompyuta, kwa hiyo Android 12 yako haina neno. Ukiiendesha kwa amri, ongeza -S ili skrini ya simu yenyewe izimwe, betri isiteketee huku unatazama kwingine.

Ukimaliza somo, zima utatuzi wa USB. Hili watu hulipuuza. Mlango huo ukiwa wazi, kompyuta iliyoruhusiwa inaweza kuingiza apu kwenye simu yako na kuchota mafaili yake. Kwa laptopu yako mwenyewe ni sawa. Kwa kompyuta ya ofisi au ya kukodi, usikubali kabisa.

TofaaBivu

Kwa wa upande wa Apple watakaopita hapa: Mac zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya 2020, zinaweza kuendesha apu nyingi za iPhone moja kwa moja kutoka App Store, ikiwa mwenye apu hajazuia. Itafute kwenye App Store ya Mac, ubadili kutoka apu za Mac kwenda za iPhone na iPad. Isipoonekana, ujue mwenyewe amekataa. Tangu macOS Sequoia na iOS 18 za 2024 kuna pia kuakisi iPhone kwenye Mac bila kebo, ila si kila nchi imeruhusiwa.

KolaNaPindo

Mzee, Mungu akupe maisha marefu. Imekubali. Kebo ya kwanza ilikuwa ya kuchaji tu, kama ulivyosema!

Ila kuna kitu. Masomo ya bure yanaonekana vizuri, mkasi nauona na uzi nauona. Nikifungua ya kulipia, kwenye laptopu napata sauti tu, picha nyeusi tii. Kwenye simu yenyewe inaonekana. Nimeharibu nini?

MzeeWaKebo

Hujaharibu kitu. Android inampa mtengeneza apu uwezo wa kusema "ukurasa huu usinaswe". Akishasema hivyo, picha ya skrini haipigiki, na anayeakisi anapata weusi. Apu za benki hufanya hivyo, na za video za kulipia pia, ili watu wasirekodi wakauza. Hapo scrcpy haina ujanja, na sitakuelekeza kwenye ujanja.

Utakutana na watu wanaogawa apu "iliyofunguliwa" inayoonyesha kila kitu. Kaa nayo mbali. Kila apu ya Android imetiwa saini ya mtengenezaji wake, na ukibadili hata herufi moja ndani yake saini ile inavunjika; aliyeibadilisha lazima aweke saini yake mwenyewe. Maana yake unaweka jina na nenosiri lako mikononi mwa mtu huyo.

Njia za halali zipo. Angalia ndani ya apu kama kuna alama ya kurusha kwenye runinga, ule mstatili wenye mawimbi pembeni. Au kama simu yako inatoa picha kwa tundu la USB-C, si zote, tumia waya wa HDMI mpaka kwenye runinga au monita. Tundu la HDMI la runinga au monita ni la kupokea picha, wakati la laptopu nyingi ni la kutoa, kwa hiyo usihangaike kuichomeka laptopu. Njia ya waya mara nyingi hukubaliwa kwa sababu HDMI ina ulinzi wake wa kunakili, na apu inaiamini.

Na waandikie wenye apu. Mteja anayelipa akisema haoni ushonaji kwa sababu ya udogo wa skrini, hiyo ni sababu yenye uzito kuliko nyota moja dukani.

Nuktambili

Samahani kuingilia uzi. Mimi simu yangu imekufa, ninayo kompyuta tu. Si itabidi emuleta hapo? Na je, ile Android ya Microsoft ndani ya Windows 11?

MzeeWaKebo

Ile ya Microsoft waliifunga rasmi Machi 5, 2025. Anayekuuzia au kukugawia nakala yake leo anakupa kitu ambacho hakuna anayekiziba matundu.

Emuleta basi, ila kwa adabu. Kwanza, jaribu kufungua tovuti ya huduma hiyo kwenye brauza. Wengine wanasema "simu tu" halafu ukiingia na akaunti video zinacheza. Ikishindikana, chukua emuleta kwa mtengenezaji mwenyewe. Ile ya Android Studio ni ya Google, nzito kidogo lakini haina matangazo. BlueStacks nayo inatumika na wengi. Kabla ya kufungua kisakinishi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa za faili, tazama sehemu ya saini za kidijitali: jina la kampuni liwe lile unalolitarajia. Sehemu hiyo isipokuwepo kabisa, mimi nafuta.

Lakini hata jina kubwa halitoshi. Februari 2021 watafiti wa ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza jinsi mfumo wa masasisho wa emuleta ya NoxPlayer ulivyodukuliwa: watu walisasisha emuleta halali, kwa njia halali, wengine wakaletewa programu za ujasusi. Waliolengwa walikuwa wachache sana, lakini wao hawakuwa wamepakua kitu cha wizi. Kwa hiyo chukulia emuleta kama mgeni: mkaribishe sebuleni, chumbani asiingie.

Ndiyo maana ile "ingia na Gmail yako" ya Chapuchapu siipendi. Tengeneza akaunti mpya ya Google isiyo na barua, picha wala namba za watu, uingie nayo hiyo. Zima folda ya pamoja kati ya emuleta na Windows. Ruti, yaani ruhusa ya kugusa kila kitu ndani ya Android, iwe imezimwa. Apu ikiomba majina ya simu au maikrofoni, kataa. Ya kutazama video haihitaji masikio. Chagua toleo jipya la Android kati ya yale emuleta inayotoa, kwa sababu bado kuna zinazokupa Android 7, ya 2016. Apu za benki usiweke humo hata kwa majaribio.

Na usishangae picha ikiwa hafifu. Huduma nyingi za kulipia hutumia Widevine, ulinzi wa Google wa kuzuia video isinakiliwe, na emuleta kwa kawaida hupata daraja la L3, la chini kabisa, kwa hiyo wengi hukupa video ya ubora mdogo au hukataa kabisa. Soma pia masharti yao kabla ya kulipia, baadhi hufunga akaunti wakigundua emuleta.

Chapuchapu

Sawa mzee, hiyo ya akaunti mpya nakubali. Lakini Android Studio kwa RAM ya giga 4?

MzeeWaKebo

Hapana, itakuzimikia. Kwa giga 4 baki na brauza, au tafuta simu iliyotumika.