Gari inatetemeka ikiwa sailensa, nianzie wapi kabla sijamaliza hela?

Muulizaji: Wakuu naombeni msaada, gari yangu ya zamani, injini ya petroli silinda 4, ikiwa sailensa (imewashwa bila kukanyaga mafuta) inatetemeka mpaka usukani unacheza, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda unashuka kati ya 500 na 900, ila nikikanyaga mafuta inatulia kabisa. Fundi kasema ninunue koili zote 4 (zile zinazopeleka umeme kwenye plagi) pamoja na sensa, hela hiyo kwa kweli sina.

Jibu 1: Mkuu usinunue kitu kwanza. Kama inatulia ukikanyaga, mimi ningeanza na hewa inayoingia pembeni. Fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, sikiliza kama kuna mluzi, halafu zima ukague ile mipira midogo ya hewa kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), ikizeeka hupasuka kwa chini na huoni mpaka uipinde kwa kidole. Yangu ufa ulikuwa mdogo kama ukucha, nikaziba na tepu kwa muda, ikatulia palepale. Na throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) isafishe, masizi yanaziba njia ya hewa.

Jibu 2: Naongezea, chomoa plagi uziangalie, nyeusi kavu mara nyingi ni petroli kuzidi, yenye oili hiyo ni shida nyingine kubwa. Koili unayoishuku ibadilishane na ya silinda ya jirani, misi (silinda kutochoma vizuri) ikihama nayo basi ni hiyo moja tu, za nini zote 4?

Muulizaji: Asanteni sana, nimekuta mpira umechanika karibu na klipu, nakata kipande naurudishia.