Chati za kampuni kuhusu akili mnemba: zikaguliwe kama hesabu za fedha, au tuziache?

Wadau, naomba hili tulijadili bila jazba. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa ikitoa hesabu zake za mwaka, lazima wakaguzi huru wazipitie. Kampuni hiyohiyo ikipanda jukwaani na grafu ya akili mnemba inayopaa, ukumbi unapiga makofi na picha inasambaa kabla hata hotuba haijaisha. Msimamo wangu: mchoro ni kauli, na aliyeutoa abanwe nao kama anavyobanwa na maneno yake.

Agosti 2025, kampuni ya OpenAI ilipozindua mfumo wake wa akili mnemba wa GPT-5, ilionyesha chati ya nguzo ya jaribio la kuandika programu. Nguzo ya asilimia 52.8 ilikuwa ndefu kuliko ya asilimia 69.1. Tena hiyo ya 69.1 ilichorwa kimo kimoja na ya 30.8! Namba ziliandikwa palepale, ila jicho husoma kimo kwanza. Mkuu wa kampuni, Sam Altman, alikiri hadharani kuwa wamevurunda, chati ikarekebishwa. Yaishe. Lakini walinaswa kwa sababu namba zilikuwepo. Zisipokuwepo je?

Mwaka 2013 Tim Cook wa Apple alionyesha mauzo ya iPhone kwa jumla limbikizi, yaani kila kipindi kinabebeshwa juu ya vyote vilivyotangulia, na mhimili wima hauna namba. Mstari wa aina hiyo hauwezi kushuka hata mauzo yakidorora. Ndiyo maana nikiona chati ya "watu waliowahi kujisajili" kwenye programu fulani ya akili mnemba, swali langu la kwanza ni: wangapi wamerudi wiki iliyopita?

Kosa si la mtafiti kila mara. Machi 2025 METR, taasisi inayopima uwezo wa mifumo ya akili mnemba, ilitoa grafu inayoonyesha kwamba urefu wa kazi ambazo mifumo hii inamudu, ukipimwa kwa muda ambao mtaalamu angeutumia kuzifanya, huongezeka maradufu kila baada ya miezi 7 hivi. Wenyewe walieleza wazi kuwa kipimo ni kufaulu kwa asilimia 50, yaani mara moja kati ya mbili, na kwamba majaribio yaliegemea zaidi kazi za programu. Grafu ikishafika kwenye slaidi za mshauri wa biashara, ile asilimia 50 imedondoka njiani na "kazi za programu" zimekuwa "kazi". Bosi anapunguza watu kwa mstari huo.

Najua jibu litakalokuja: mchoro kazi yake ni kurahisisha. Sina ugomvi na kurahisisha. Ule mchoro wa kampuni ya utafiti ya Gartner wa wimbi la matarajio, unaoonyesha msisimko juu ya teknolojia mpya ukipanda na kushuka, ambao tumeuona tangu 1995, mhimili wake wima ni "matarajio", kitu kisicho na kipimo. Ni maoni ya wachambuzi yaliyovaa nguo za grafu. Uandikwe hivyo basi, tutausoma kama maoni.

Wengine watasema sheria itaua ubunifu. Machi 2024 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilizitoza kampuni mbili za ushauri wa uwekezaji, Delphia na Global Predictions, jumla ya dola 400,000 kwa kutoa kauli za uongo kuhusu matumizi yao ya akili mnemba. Sekta haikufa, fedha zimeendelea kumiminika.

Simaanishi kila anayechora akaguliwe kwanza. Mwalimu, mwandishi na mtu anayechora kwa kujifurahisha waachwe. Nazungumzia anayeuza hisa au huduma: aonyeshe mhimili unaanzia wapi, kipimo ni nini, nani amepima na alipima nini hasa. Hayo yanaingia kwenye mistari miwili chini ya picha.

Mnaopinga, nisaidieni hapa: kampuni yenye matokeo ya kweli inapoteza nini ikiweka namba pembeni mwa mstari wake?